Sura ya Nne: Bahari Kwanza, Chumba Baadaye

Swali ambalo watu wanaokusudia kwenda Unguja kwa mapumziko hawaachi kuliuliza, wawe ni maharusi wa Dar es Salaam wanaotafuta pa kukaa fungate yao, au mwalimu wa Morogoro aliyedunduliza mwaka mzima ili watoto wake wapate kuiona bahari, au Mzanzibari aishiye Maskati anayerudi kwa likizo na safari hii hataki kulala kwa jamaa, ni hili: "Tukae hoteli gani ya ufukweni?" Aghalabu muulizaji hutaraji kujibiwa kwa jina moja, aliandike, apige simu, alipe, na shughuli iishe.

Sura hii haitataja jina la hoteli hata moja, wala si kwa kuogopa kumpendelea mtu. Hoteli hubadilika: mwenyewe huiuza, mpishi hodari huhamia kwa jirani, na godoro lililokuwa jipya mwaka juzi leo lina bonde katikati. Lakini pwani ambayo maji yake hurudi nyuma kilomita nzima yakipwa itaendelea kuwa hivyo baada ya wenye hoteli watatu kupita, na upande unaopigwa na upepo wa kusi utapigwa mwakani kama ulivyopigwa mwaka huu. Malalamiko mengi ya wageni wa Unguja, ukiyachuja vizuri, utayakuta hayahusu kitanda wala chakula, bali yanahusu bahari ambayo mgeni aliidhani nyingine. Kwa hiyo anayechagua hoteli ya ufukweni huchagua bahari kwanza, naye akishaijua bahari aitakayo, hoteli zilizobaki za kuchagua huwa chache, na kazi huwa nyepesi.

Maji kujaa na maji kupwa

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na usiku wake, na baina ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Ndiyo sababu saa ya maji husogea kila siku, leo yakijaa saa saba mchana, kesho yatajaa kama saa saba na dakika 50. Haya kila mtoto wa pwani anayajua kabla hajajua kusoma, lakini mtu wa Dodoma au wa Kigoma, aliyelelewa penye ziwa lisilokwenda mahali, hana sababu ya kuyajua, na hakuna tangazo la hoteli litakalomfundisha.

Maji hayajai wala hayapwi kwa kiasi kimoja siku zote. Yapo maji makubwa yaitwayo bamvua, ambayo huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, kwa kuwa siku hizo jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na nguvu zao za kuyavuta maji hujumlika. Na yapo maji mafu, ambayo huja mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo zinapovuta kila moja upande wake na kupunguzana. Katika bamvua, tofauti ya kimo baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika takriban mita nne, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwenziwe. Katika maji mafu tofauti hiyo huweza kushuka hata ikawa kiasi cha mita moja tu.

Sasa mita nne za kwenda juu na chini ni jambo moja, na umbali ambao maji hurudi nyuma ni jambo jingine, kwa sababu umbali hutegemea umbile la chini ya bahari. Mimina maji katika sinia, kisha katika bakuli, upunguze kidogo katika kila kimoja: kwenye sinia sehemu kubwa itabaki kavu, ilhali kwenye bakuli utaona ukingo umeshuka kidogo tu. Pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Matemwe hadi Makunduchi, ni sinia. Mbali na ufukwe upo mwamba wa matumbawe uliojengwa na viumbe wadogo wa bahari kwa maelfu ya miaka, na baina ya mwamba huo na mchanga ipo bahari ya ndani, kina chake kifupi, mawimbi yake madogo, na upana wake katika mahali pengi ni kilomita moja au zaidi. Pwani ya Kendwa, na ya Nungwi kwa upande wake wa magharibi, ni bakuli.

Mtu asiyeamini haya na asimame ufukweni Jambiani siku ya bamvua kama saa nne za asubuhi. Ataona ngalawa zimekaa mchangani, kamba za nanga zimelegea na nanga zenyewe ziko wazi. Ataona safu za vigingi vifupi, na baina ya vigingi kamba zilizotundikwa mafungu ya mwani, yaani majani ya baharini yanayolimwa ili yakaushwe na kuuzwa ng'ambo, kilimo kilichoanza kwa biashara katika vijiji hivi vya Paje na Jambiani mwaka 1989 na ambacho tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake. Nao atawaona wenyewe, wameinama, kanga zimefungwa vifundo juu ya magoti, maji hayajawafika mapajani. Mbali zaidi, karibu na mwamba, watu wanachokoa pweza kwa vijiti. Pembeni yao yupo mgeni aliyetoka chumbani na taulo begani, ambaye ametembea robo saa akiitafuta bahari ya picha, na maji yako kwenye ugoko wake.

Si kwamba mgeni huyu amedanganywa na maumbile. Laiti angekuja saa tisa alasiri angeyakuta maji yamerudi, ya samawati, mpaka chini ya minazi. Laiti angekuja wiki moja baadaye, siku za maji mafu, angeogelea baada ya chai ya asubuhi bila ya taabu yoyote.

Kuhesabu maji kwa mwezi

Hesabu ya haya haihitaji chombo. Katika Unguja, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kama saa nne hadi saa tano, asubuhi na tena usiku. Nako kujaa na kupwa kusogeapo kila siku kwa zile dakika 50, baada ya siku saba mambo hugeuka, maji yakajaa asubuhi ile saa ambayo wiki iliyopita yalikuwa yamekupwa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani, ambayo husimama juu ya mwezi, anayo hesabu yote tayari:

- Mwezi mosi hadi tatu, na kumi na nne hadi kumi na saba: bamvua. Asubuhi maji yako mbali, alasiri yamejaa.
- Mwezi saba hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na tano: maji mafu. Maji hujaa katikati ya asubuhi au karibu na adhuhuri, na yakipwa hayaendi mbali.
- Siku zilizobaki ni za kupanda au kushuka baina ya hali hizo mbili.

Basi mwalimu wetu wa Morogoro, ambaye watoto wake wanataka kuingia majini asubuhi na kulala mapema, akitaka hoteli ya Paje au Kiwengwa na achague siku za maji mafu. Na ikiwa ruhusa ya kazi haimpi hiari ya siku, nayo imeangukia mwezi mpevu, na aende kaskazini. Uamuzi huu hauongezi gharama yoyote, nao ni mkubwa kuliko ule wa nyota tatu au nyota nne.

Kuna neno moja la tahadhari. Kutembea kwa miguu hadi mwambani wakati wa bamvua ni starehe kubwa, nami nawahimiza watu waende, lakini waende na mwenyeji anayejua saa ya kurudi, wakiwa wamevaa viatu, kwa sababu ya wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu ambao mwiba wao ukikatika mguuni hutoka kwa shida. Maji yanaporudi hayaji kwa kukufuata usoni ukayaona. Hupita kwanza katika mifereji iliyo nyuma yako, na mtu aliyezubaa juu ya mwamba hujikuta baina yake na pwani pana kina. Vilevile penye mlango wa mwamba, yaani mwanya ambao maji hupita kuingia na kutoka, mkondo huwa na nguvu sana maji yanapokupwa, na mahali pengi hapana mtu aliyewekwa kuwaokoa waogeleaji.

Kwa ufupi: anayetaka kuogelea saa yoyote na achague kaskazini-magharibi, anayetaka mashariki na atazame mwezi kwanza.

Upande upi wa kisiwa?

Unguja kina urefu wa takriban kilomita 85, na kutoka Mjini hadi Nungwi au hadi Paje ni kilomita hamsini na ushei, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, na zaidi tena kwa daladala. Hapo tayari lipo jambo la kufikiri: mtu mwenye siku mbili tu, aliyeshuka botini saa tano mchana, akijipeleka kusini kabisa atatumia sehemu kubwa ya safari yake njiani.

Kendwa na Nungwi nimekwisha kuzisifu kwa maji yao. Magharibi ya ncha hiyo mtu huona jua likituia baharini, na huko Nungwi majahazi bado huundwa ufukweni kwa shoka na tezo, kazi ambayo mgeni anaweza kuitazama bure akiomba kwa adabu. Lakini watu wote wamekwisha kuyajua hayo, na matokeo yake ni kwamba hoteli zimebanana, boti hupita karibu na waogeleaji, na usiku ngoma hupigwa hata saa nane. Kendwa hasa ina sherehe zake za mwezi mpevu, na anayetaka usingizi na aulize umbali kabla ya kulipa. Tena asiseme "Nungwi" akadhani amesema yote, kwani upande wa mashariki wa Nungwi ni sinia kama Matemwe.

Matemwe, Pongwe, Kiwengwa na Uroa ziko mashariki kuelekea juu. Kiwengwa ina mahoteli makubwa ambayo mgeni huingia Jumamosi na asitoke mpaka Jumamosi ya pili. Matemwe ni ndefu na tulivu, nayo ndiyo iliyo karibu na kisiwa kidogo cha Mnemba, ambako watu huenda kutazama samaki wa matumbawe kwa kuelea juu ya maji na kioo usoni. Pongwe ni hori dogo, na wengi hulipita bila ya kuliona.

Paje, Bwejuu na Jambiani ni ufukwe mmoja mrefu mweupe. Paje ni ya vijana, na hasa ya wale wanaosimama juu ya ubao na kuvutwa na mwavuli wa upepo. Bahari yake fupi yenye upepo mwingi, ambayo muogeleaji huilaumu, ndiyo hiyo hiyo wanayoifuata wao kutoka ng'ambo. Kadiri uendavyo kusini kuelekea Jambiani, makelele hupungua na kijiji huzidi kuwa kijiji. Juu ya Bwejuu ipo rasi ya Michamvi, na upande wake wa ndani, Michamvi Kae, unatazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka, hata mtu aliyeko pwani ya mashariki akaweza kuona machweo ya jua juu ya maji, jambo la nadra katika upande ule.

Kizimkazi, kusini-magharibi, ina vihori vidogo baina ya majabali, na boti za kwenda kutazama pomboo. Na karibu yake upo msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, ambao kwa maoni yangu unatosha peke yake kumfanya mtu afike huko hata asipolala.

Ukiniuliza mimi, nitachagua Jambiani na bamvua lake. Muogeleaji sitamshauri anifuate.

Pepo na majira

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, nao ni upepo wa joto. Kusi huanza pamoja na mvua za masika, hushika nguvu Juni na Julai, kisha hulegea, na kipindi hicho cha kulegea, tangu mwisho wa Agosti mpaka mwanzoni mwa vuli, huitwa demani. Kwa msafiri, maana yake ni hii: wakati wa kusi pwani ya mashariki hupigwa uso kwa uso, hewa ni baridi ya kupendeza, usingizi ni mwema bila ya feni, lakini maji hukoroga mchanga, na majani ya bahari hutupwa ufukweni kwa marundo. Wapo wageni wanaoyaona marundo hayo wakasema hoteli ni chafu. Si uchafu, na hoteli inayoyazoa kila alfajiri haifanyi usafi, inafanya urembo. Wakati huo huo pwani ya magharibi, iliyokingwa na kisiwa chenyewe, huwa shwari. Kaskazi ikifika, Matemwe na Nungwi ya mashariki nazo hupata zamu yao.

Mchanga nao husafiri. Upepo ukigeuka, mawimbi hubeba mchanga wa hapa na kuuweka pale, na baada ya miezi kadhaa huurudisha. Hivyo ufukwe mpana wa Februari huweza kuwa mwembamba Julai. Mahali ambapo hoteli imejenga ukuta wa saruji kujikinga, wimbi likipiga ukuta hurudi kwa nguvu na kuuchimba mchanga ulio chini yake, hata maji yakijaa pasibaki pa kuweka mkeka. Basi katika picha za hoteli tafuta ukuta. Ukiuona, uliza maji yakijaa bamvua hufika wapi.

Mvua kubwa ni za masika, Machi mpaka Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Hoteli nyingi hufunga katika kipindi hicho kwa matengenezo. Zilizobaki wazi hushusha bei sana, na mtu asiyejali kunyeshewa saa mbili kwa siku hupata chumba ambacho Agosti asingekigusa. Vuli, Novemba mpaka Desemba, ni mvua ya vipindi, haimzuii mtu. Bei hupanda Julai na Agosti, ambapo Wazungu wako likizo, kisha hupanda tena kupita kiasi katika siku za kufunga mwaka. Kwa anayetaka maji safi, jua la kiasi na bei isiyoumiza, nasema demani: Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba.

Tangazo linasema nini, na linanyamazia nini

Picha ya hoteli hupigwa maji yamejaa, jua liko juu, na kwa lenzi pana inayolifanya dimbwi kuwa ziwa. Hakuna hadaa kubwa hapo. Kila bibi harusi hupambwa kabla ya kupigwa picha. Lakini mnunuzi mwenye akili hutafuta picha ambazo wageni wenyewe wamezipiga kwa simu zao, akazitazama zile za asubuhi, na akitaka kujua zaidi huiomba hoteli picha ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa. Hoteli inayoituma bila ya kusitasita, mimi ninaitumaini hata kabla sijaona chumba.

Tofautisha pia aina tatu za vyumba ambazo matangazo hupenda kuzichanganya. Chumba kilicho mbele ya bahari ni kile ambacho ukitoka mlangoni hakuna jengo baina yako na mchanga. Chumba chenye mandhari ya bahari huionyesha bahari, lakini pengine kutoka ghorofa ya pili, juu ya paa la jikoni. Chumba cha bustani hakionyeshi bahari kabisa, na mara nyingi ndicho kilicho baridi zaidi, chenye kimya zaidi, na bei yake ni ndogo. Mtu ambaye mchana kutwa yuko nje hapotezi chochote kwa kukichukua. Aidha hoteli ya "dakika tano kutoka ufukweni" na isipuuzwe, maadamu njia ya kufikia bahari ni ya wote na haipiti ndani ya ua wa mtu.

Kuhusu chakula, bei hutolewa kwa namna nne: chumba na chai ya asubuhi tu, nusu bodi, yaani pamoja na chakula cha usiku, bodi kamili, yaani milo mitatu, na ile ya kila kitu ndani, ambayo huingiza na vinywaji. Katika Nungwi, Paje na Jambiani, ambako migahawa ya nje iko hatua chache, lipia chai tu, kisha jioni ukale nje pweza wa nazi na wali kwa kiasi kidogo cha ile bei ya hoteli. Mahali palipojitenga, kama sehemu za Matemwe au Michamvi, nusu bodi ina maana, kwani usiku teksi ya kwenda kutafuta samaki itakula thamani ya samaki mwenyewe.

Sasa lipo jambo ambalo wasomaji wetu wengi hulipoteza kwa haya. Hoteli nyingi za Unguja zina bei ya mkaazi, yaani bei ya chini kwa Watanzania na kwa wageni wenye kibali cha kuishi nchini, na baadhi yao huifikisha kwa watu wa Afrika Mashariki yote. Bei hii haiandikwi kwenye mitandao ya kukodishia vyumba, ambayo humwonyesha kila mtu bei moja ya kigeni. Hupatikana kwa kupiga simu, kuuliza, na kuja na kitambulisho. Si sadaka, wala kuiuliza si ufukara. Kwa upande wa pili, asiye mkaazi wa Tanzania akumbuke kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaotoka nje ya nchi hutakiwa kununua bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nayo haimo katika bei ya hoteli yoyote.

Maji ya bomba, umeme, na majirani

Pwani ya mashariki imekaa juu ya maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe isiyoshika maji, na visima vyake vingi vina chumvi. Usishangae sabuni ikikataa kutoa povu bafuni, wala usinywe maji hayo. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Hitilafu iliyotokea Desemba 2009 ilikiacha kisiwa kizima gizani mpaka Machi 2010, na ingawa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, kukatika kwa saa chache bado kupo. Uliza kama jenereta inawasha vyumba au inawasha jiko na taa za nje tu.

Hoteli karibu zote zimejengwa kandokando ya vijiji vilivyokuwapo karne nyingi kabla yake, na ufukwe unaotandazwa viti vya wageni ndio njia ya wavuvi, uwanja wa mpira wa watoto, na mahali pa kuanikia mwani. Ndani ya ua wa hoteli vaa upendavyo. Ukitoka kwenda kijijini jifunge kanga au uvae suruali. Katika Ramadhani hoteli hupika kama kawaida, lakini migahawa midogo ya nje hufunga mchana, na kula au kuvuta sigara hadharani ni utovu wa adabu hata kwa asiyefunga.

Papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni ufukweni kuwauzia safari za boti, vinyago na mengineyo, hukusumbua zaidi ukiwa na sura ya ugenini, lakini anayesalimia kwa Kiswahili na kusema "Ahsante kaka, leo sihitaji" kwa kawaida huachwa. Wengine wao ndio watakaokwambia saa ya maji kwa usahihi kuliko karani wa mapokezi.

Simu kabla ya fedha

Ukishachagua upande na siku, na hoteli zimebaki mbili au tatu, piga simu. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Assalaamu alaykum."

"Waalaykum salaam, karibu."

"Ahsante, dada. Nataka kukuuliza kabla sijalipa. Maji yakipwa hapo kwenu, mtu huogelea wapi?"

"Kaka, bahari yetu ni nzuri sana, wageni wote wanaipenda."

Hili si jibu. Rudia swali kwa upole, utaje na tarehe zako. Karani wa hoteli ya pili huenda akakwambia: "Tarehe hizo ni bamvua, kaka, asubuhi hapa huogelei. Kuna bwawa, au usubiri mpaka saa nane." Huyu amekunyima ulichokitaka, na amekupa sababu ya kumwamini katika yote mengine atakayoyasema. Mengine ya kuuliza ni haya:

- Bei ya mkaazi ni ngapi, na kodi zote zimo ndani?
- Chumba nitakachopewa kiko mbele ya bahari, au kinaiona kwa mbali tu?
- Muziki wa karibu hunyamaza saa ngapi?
- Kuna ujenzi wowote unaoendelea jirani?

Hilo la mwisho usilisahau, kwani pwani ya Unguja inajengwa usiku na mchana, na nyundo huanza kabla ya jogoo.

Ukiridhika, lipa sehemu tu ya fedha, wala usimtumie mtu binafsi. Tuma kwa hesabu yenye jina la hoteli, kisha udai uandikiwe tarehe, aina ya chumba, milo, bei mliyokubaliana, na siku ya mwisho ya kughairi bila ya kupoteza fedha. Ujumbe wa simu unatosha. Uchapishe, uutie katika mfuko mmoja na tikiti ya boti, kwa sababu karani uliyesema naye kwa uungwana wote huo, siku utakayofika wewe, huenda ikawa ndiyo siku yake ya mapumziko.